Kontena Hupimwa, Abiria Husogezwa
Tangu Julai 2016, kontena halipakiwi melini bila uzito wake kuthibitishwa, na kikomo chake kwa kawaida ni kilo 30,480. Lori likipanda nalo kutoka Mombasa kuelekea bohari ya Embakasi, linapimwa tena kwenye mizani ya barabarani ya Mlolongo, ekseli baada ya ekseli. Huku Kayole, kwenye matatu ya abiria 14, mizani ni koo la makanga: “Sogea kidogo, mama, beba mtoto!” Ubao unalazwa katikati ya viti, na wa kumi na tano tayari ameketi. Mtasema mtu si saruji, atashuka njiani. Sawa. Lakini saruji ikizidi, hutozwa mwenye lori; abiria wakizidi, hutozwa wao, tena nauli kamili, na mvua ikinyesha inapanda.