Mgeni Njoo, Mwenyeji Akung'ate

Wewe uliyekulia Kigoma, Uvira au Mbamba Bay, ukala samaki wa ziwa bila kuwauliza tabia zao, siku moja utaingia duka la wanyama wa kufuga huko Buffalo, kukwepa baridi tu, na utawakuta ndani ya kioo. Ni ukoo ule ule wa sato, perege na kuhe. Wafugaji huwaita sikilidi. Hapa hawauzwi kwa fungu. Mmoja wa urefu wa kidole ana bei ya kitoweo cha siku mbili, na muuzaji atakuuliza kwa upole kama una uzoefu nao. Utasema ndiyo, maana umewakaanga miaka ishirini.

Ukitaka kuona vita, fuata maelekezo yafuatayo.

Nunua tangi dogo. Wazoefu watakushauri la galoni 55, yaani kama lita 200, lenye urefu wa futi nne, kwa sababu anayefukuzwa anahitaji masafa ya kukimbilia na kina hakimsaidii kitu. Wewe chukua la galoni 20, lienee pembeni ya televisheni.

Kisha mlete mgeni peke yake, awe mdogo kuliko wenyeji na afanane nao kwa rangi. Binamu yangu wa Louisville alikuwa na dume la auratus, mbuna wa Nyasa mwenye mistari. Akamwonea huruma kwa upweke, akamnunulia dume mwenzake wa mistari ile ile. Upweke! Kwa dume la mbuna, anayefanana naye amekuja kumnyang'anya wake na jiwe lake. Siku ya tatu mgeni hakuwa na mkia. Angeletewa majike manne, au wageni kadhaa kwa pamoja wenye umbo na rangi nyingine, huenda mzee asingehangaika sana.

Ajabu ni kwamba wapo ambao dawa yao ni msongamano. Demasoni, kijana wa buluu na nyeusi atokaye kwenye miamba ya Pombo, upande wa Tanzania wa ziwa hilo, ukimweka na wenzake watatu atabaki mmoja. Weka kumi na wawili au zaidi, na filta yenye nguvu, mbabe achanganyikiwe asijue aanze na nani. Kichapo kikigawanywa hivyo, kila mtu anaondoka na kofi lake na maisha yanaendelea.

Mawe usiyaguse. Kila pango humo ndani ni kiwanja chenye mwenyewe, na hati anayo mdomoni. Shemeji yangu wa Columbus aliharibu mchezo mzima: aliwalisha wenyeji jioni, akang'oa mawe yote, akayapanga upya, akazima taa, ndipo akawafungulia wageni. Asubuhi kila samaki alikuwa mpangaji mpya anayetafuta nyumba, hakuna aliyepata nafasi ya kumuuliza mwenzake ametoka wapi. Mchana kutwa nilikaa pale na chai yangu nikisubiri ugomvi. Hakuna!

Ukipenda ugomvi wa kifamilia, chukua brichardi wa Tanganyika, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 1974. Wawili wakizaa, watoto wakubwa hubaki nyumbani kulinda wadogo zao, na baada ya muda ukoo mmoja umewasukumia wengine wote kwenye kona ya juu karibu na hita. Nimewahi kuishi mtaa wa namna hiyo.

Buffalo kuna jambo la ziada. Januari, mfuko wa samaki hubebwa ndani ya koti, kifuani, kama mtoto. Ukifika, uache uelee kwenye tangi dakika 15 au 20 joto lilingane, na maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Yawe yametoka Ziwa Erie au Mto Ohio, klorini imo.

Mimi nilifuata kila kosa. Nilimleta jike mmoja, mbuna wa manjano ya ndimu, aina inayosifiwa kwa upole (kwa kipimo cha mbuna, usisahau), nikamtumbukiza saa sita mchana, taa zikiwaka na watoto wakirekodi kwa simu. Dume likamkimbiza mpaka nyuma ya hita. Akakaa huko siku nyingi, hali, mashavu yamevimba, nami nikamwambia mke wangu tujiandae kumzika. Mke wangu akainama, akamtazama kooni. Mayai. Kumbe zile mbio nyingine zilikuwa uchumba.

Baada ya kama wiki tatu aliwatema watoto, kumi na kadhaa, na tangi ni lile lile la galoni 20.