Barua ya wazi kwa Mkuu wa Polisi wa Los Santos

Kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi,
Los Santos, Jimbo la San Andreas.

YAH: OMBI LA KULIACHA JESHI LAKO LILIVYO

Jambo afande,

Mimi ni raia wako kwa njia ya pedi. Mji wako ulifunguliwa kwenye PlayStation 2 Oktoba 2004, na mpaka leo sijaingia kibanda cha gemu Dar es Salaam nikakuta mtoto asiyejua GTA San Andreas ni nini. Nakuandikia kwa sababu nasikia wachezaji wa siku hizi wanadai uhalisia. Wanataka jasho lionekane shingoni na vivuli vifuate jua. Leo jasho, kesho watakuundia tume.

Nianze na CJ, steringi wa mchezo. Kijana huyu anatembea na jinzi na singlendi nyeupe. Humo humo mwilini ana bastola, bunduki ya rashasha, AK-47, msumeno wa kukatia magogo, kirusha roketi, na parachuti kama itatokea haja. Anapita mbele ya kituo chako, askari anamtazama, kisha anaendelea na doria. Akimaliza kurusha roketi, lile dude analirudisha mahali anapopajua yeye na Mola wake, na suruali wala haitepeti.

Sasa nije kwa fundi rangi. Mtu amegonga watembea kwa miguu, amepora gari, ana nyota tatu za kutafutwa na polisi, na helikopta iko juu ya kichwa chake. Anaingia Pay 'n' Spray. Vijana wako wako nyuma yake, wameona gari, wameona mtu, wameuona na mlango ukishuka. Wangeweza kusubiri nje hata wakivuta sigara. Lakini dola 100 zinalipwa, mlango unapanda, gari lililoingia jekundu limetoka la kijani, bodi iliyobonyea imenyooka, na polisi wanageuza. Dereva ni yule yule na singlendi ni ile ile. Sharti ni moja tu, asifanye kosa jingine nyota zikiwa bado zinapepesa.

Nimesimama kibandani jioni moja nyuma ya mtoto wa shule mwenye nyota nne, pedi imelowa jasho la mikono, na wenzake wote wanapiga kelele: "Rangi! Nenda rangi!" Alipotoka na gari jipya walishangilia. Hakuna aliyeuliza mbona polisi hawakufungua ule mlango. Na ni watoto hao hao ambao sinema ya Kihindi ikiwekwa, steringi akapigwa risasi tatu na bado akaimba, watazomea mpaka mwenye kibanda aje. Nimelifikiria sana jambo hili. Kwenye sinema uongo unamnufaisha steringi, na mtazamaji analipia kuutazama. Kwenye gemu mtoto ndiye anayekimbizwa, na uongo unamnufaisha yeye. Fikiria angewekwa ndani miaka minane kwa kugonga nguzo, huku muda aliolipia unakwisha.

Zamani tulikuwa tunasema steringi hafi. Ninyi mmepiga hatua. Wa kwenu anakufa, kisha anaamka nje ya hospitali, kapungukiwa dola 100 na silaha zake, anatikisa mabega na kutafuta gari la kuiba. Hata wapita njia hawafi moja kwa moja. Ambulansi inafika, mhudumu anainama juu ya maiti, na marehemu anainuka kuendelea na shughuli zake. Siku nzima ya kwenu ni dakika 24 za kwetu, kwa hiyo hata kuchelewa kazini hakuna maana.

Na ile rushwa, afande! Naomba niitaje kwa heshima zote. Ni nyota ndogo inayoelea uchochoroni. Mwenye shida anapita, anaigusa, anapunguziwa nyota moja. Haambiwi njoo tuongee pembeni, haambiwi leo hata chai sijanywa, na hakuna leseni inayoshikiliwa mpaka jua lizame. Rushwa isiyo na mpokeaji! Kuna madereva wa daladala ninaowajua ambao wakisikia habari hii wataomba uhamiaji.

Upendeleo nao mmeuweka hadharani. Mchumba wa CJ akiwa Barbara, askari wa El Quebrados, na mapenzi yakikolea, kijana anakamatwa na kuachiwa na silaha zake zote. Akiwa na Katie, nesi wa San Fierro, hospitali nayo inamwachia vivyo hivyo. Ni kanuni ya mchezo, kila mchezaji anaruhusiwa kuitumia. Na kila mtu akitazama pembeni mwa kioo anaona ana nyota ngapi, anajua anatafutwa kiasi gani na atakimbizwa na nani. Nitajie jeshi jingine linalompa mtuhumiwa taarifa kamili namna hiyo.

Sisemi kila kitu ni kizuri. Nikiiba gari la aina nisiyoiona siku nyingi, ghafla nusu ya mji inaliendesha. Hilo nalisamehe. PlayStation 2 ilikuwa na megabaiti 32 tu za kumbukumbu kuu, haikuweza kushika magari yote kwa wakati mmoja, ikawa inarudia yaleyale. Ni umaskini, na umaskini tunauelewa. Lakini miti! Lori langu linaangusha nguzo ya taa ya chuma bila kupunguza mwendo, halafu kamti kembamba, ambako mbuzi angekamaliza kwa mchana mmoja, kanalisimamisha wima. Gari nalo likipinduka tu, linawaka moto na kulipuka. Uongo wa aina hii haumsaidii mtu yeyote.

Mageuzi ya kutafuta uhalisia tumeshayaona yanavyokuwa. Mwenzako wa Liberty City, mji mwingine wa GTA, aliyaanza mwaka 2008. Kwake, polisi wakikuona unaingia kwa fundi rangi, rangi haikusaidii tena. Na Niko Bellic, steringi wa huko, akaletewa binamu, Roman, anayempigia simu katikati ya shughuli akitaka waende kucheza boulingi, na akikataliwa ananuna. Uhalisia wenyewe ndio huo, ndugu wanakupigia simu ukiwa kazini. Hata kwenu, mji ulipofunguliwa upya mwaka 2013, nyota ya sita ilifutwa, na vifaru vilivyokuwa vikiletwa kumsaka mwizi vikaondoka nayo. Mimi niliumia.

Tena tukumbushane. Katika jeshi lako la 2004 yupo askari mmoja anayefanya mambo kama askari wa duniani, naye ni Frank Tenpenny. CJ hajamaliza hata kufika nyumbani kutoka uwanja wa ndege, Tenpenny keshamsimamisha, keshamchukulia pesa zake, keshamwambia kwamba mauaji ya askari mwenzake anaweza kumbambikia yeye. Baada ya hapo anamtumikisha kazi chafu mchezo mzima. Hana nyota inayoelea, hana bei inayojulikana, na rangi haimgeuzi. Uhalisia ulipewa nafasi moja katika jimbo zima, ukapewa kwa adui. Kwa hiyo wakija wanaodai polisi wa kweli, waonyeshe faili lake.

Nasikia Vice City nayo inafunguliwa upya, safari hii ndani ya jimbo la Leonida, katika toleo la sita ambalo filamu yake fupi ya kwanza ya matangazo ilitolewa Desemba 2023. Mfikishie mwenzako wa huko salamu zangu. Aweke mchanga unaonata miguuni na nywele zinazopeperuka unywele mmoja mmoja. Wakazi wake wajue kuogelea, maana Tommy Vercetti, steringi wake wa mwaka 2002, alikuwa akiingia majini tu, basi, msiba. Lakini fundi rangi aachwe afanye kazi yake, na nyota zibaki zikionekana.

Kwa upande wako naomba jambo moja tu. Ile miti miembamba ikatwe.

Ni mimi raia mtiifu,
Mkazi wa Grove Street.

Nakala: Fundi rangi, Idlewood.