Tarakimu Ishirini za Shangazi

Luku iliisha usiku, friji likiwa limejaa kolekole ambao Mjomba alikuja nao kutoka Mafia. Shangazi akakimbilia dukani. Namba zilipoingia kwenye simu, chaji nayo ikawa inakata, akazinakili haraka kiganjani. Hadi anafika nyumbani, jasho lilikuwa limefanya yake. Kumi na tisa zilisomeka. Ya kwanza, hapana.

"Ni 7," aliapa Shangazi.

"Shemeji, hiyo ni 9," alisema Mjomba, karani mstaafu.

Baba akaingiza zote mbili, mita ikazikataa. Jirani mwema akatuletea luku yake ya akiba, nayo ikagoma, maana kila namba hufungwa kwa ufunguo wa siri wa mita moja tu. Friji likaanza kutoa machozi.

Ndipo akatokea Dada, anayesomea umeme chuoni. Akamulika kiganja. "Ya pili ni 8? Basi ya kwanza si 7 wala 9."

Akatueleza kwamba luku ni namba moja nzima, na ndani ya mita huandikwa kwa nafasi 66, kila moja ikiwa 0 au 1. Kiasi cha umeme huchukua nafasi 16. Nafasi 16 nyingine ni za kunasa makosa kama haya ya kwetu. Muda wa kutolewa kwa luku una nafasi 24, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa 1993. Dakika 16,777,216 zilitimia Novemba 2024, ndiyo maana kabla ya hapo watu walihangaika kuingiza namba za ziada. Nafasi zote 66 zinatoa namba 73,786,976,294,838,206,464, kuanzia sifuri, na hakuna luku inayofika hapo. Kwa hiyo luku haianzi na 8 wala 9; ikianza na 7, inayofuata haizidi 3.

"Shangazi, moja yako huwa unaivalisha kofia?"

Shangazi akanyamaza. Baba akaingiza 1. Taa zikawaka, watoto wakashangilia.

Mjomba hakushangilia. Alichukua kalenda ya mwaka jana, akaigeuza, akaanza kwa 1 na kuzidisha kwa mbili: 2, 4, 8, 16. Mama akakaanga samaki wote waliokwisha kulainika, tukala, wageni wakaaga, yeye yumo tu. Hatua ya sitini alidondoshea mchuzi kwenye safu, akaianza upya kwa matusi ya kibandarini.

Hatimaye akaita: "Inaishia na 4!"

"Sawa kabisa, Mjomba," Dada alijibu kutoka chumbani. "Mwishoni hurudia 2, 4, 8, 6. Ya 66 lazima iwe 4."

"Kumbe ulijua, ukaniacha nihangaike?"

Shangazi alikuwa amesimama mbele ya mita, akisoma uniti zilizobaki. Alikuwa amenunua umeme wa elfu mbili.

"Shemeji," alisema, "zima hiyo taa."