Barua ya Wazi: Kaya Yaomba Kusajiliwa kuwa Mamlaka ya Maji

Kwa Mwandishi wa Matangazo ya Mgao wa Maji,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KAYA YA MPANGAJI, MANZESE, KUSAJILIWA KUWA MAMLAKA KAMILI YA MAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kaya ya watu watano inayopanga chumba na sebule imesoma tangazo lenye ushauri ule usiokosekana tangu mgao uitwe mgao: wananchi wahifadhi maji ya kutosha. Chini yake, kama ada, pameombwa radhi kwa usumbufu utakaojitokeza. Kaya imetii. Katika kutii imejikuta ina chanzo, ina hifadhi, ina mtambo wa kusafisha, ina kitengo cha usambazaji na mkurugenzi mkali. Kilichobaki ni leseni, na gari lenye nembo mlangoni.

Wazo la kuhamishia bwawa la jiji chini ya kitanda cha mpangaji si la kubezwa, maana lina historia. Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, uzalishaji ulianguka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi takriban milioni 300, ilhali mahitaji yalitajwa kuwa milioni 544. Ruvu Juu na Ruvu Chini ni mitambo miwili, lakini mto ni mmoja. Ukiugua, yote miwili inalazwa. Bwawa kubwa la kutunza mvua za masika hadi kiangazi halikuwapo. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Kwa mantiki ya tangazo, hao ni mabwawa madogo milioni tano na ushee yanayosubiri kugawiwa ndoo.

Ni haki kukiri kwamba Novemba 2022 visima virefu vya Kigamboni vilianza kuchangia, na mkataba wa Bwawa la Kidunda, kule Morogoro, ukasainiwa: shilingi bilioni 329, ujazo wa lita bilioni 190. Bwawa hilo lilikuwa limezungumzwa mpaka waliolizungumza mwanzo wakastaafu. Kaya haikuweza kusubiri. Ina Kidunda yake, ya plastiki, ya bluu, nyuma ya mlango.

Sasa hesabu, kwa kuwa tangazo halikutaja hata lita moja. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani, vinaweka walau lita 15 kwa mtu kwa siku wakati wa dharura: kunywa, kupika na usafi wa kujinusuru tu. Watu watano ni lita 75. Mgao wa siku tatu ni lita 225, yaani ndoo za lita 20 zipatazo kumi na moja na ziada. Maji hayo yana uzito wa kilo 225, na yanatakiwa kukaa katika chumba ambacho tayari kina kitanda, kabati, jiko la gesi, begi la harusi na watoto. Mwenye nyumba amekataa jaba kubwa uani kwa sababu uani panapita wapangaji wengine wote, nao wana majaba yao mioyoni.

Kule Masaki tangazo hilohilo linasomwa kwa utulivu. Kuna Simtank la lita 5,000 juu ya mnara, kuna pampu, na likikauka linapigiwa simu boza. Mgao huko ni habari ya kusikia redioni. Na hapa ndipo kaya inapoomba mwandishi ashike kikokotoo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50. Muuza maji wa mkokoteni akiuza ndoo kwa shilingi 200, uniti imefika shilingi 10,000, na hapo kijana hajapandisha bei kwa ajili ya kiangazi. Asiye na tangi hununua maji yake ghali kwa sababu hana tangi. Kwa utaratibu huu, kaya maskini ndiyo inayofadhili akiba ya jiji, tena bila kuombwa hata risiti.

Kitengo cha Uzalishaji hufanya kazi usiku. Koki huachwa wazi juu ya ndoo tupu, ili maji yakirudi saa nane yaamshe mtu kwa kelele. Kwanza hutoka upepo, ambao wateja wengi wa jiji hili wanalalamika kwamba mita inauhesabu kwa bidii kuliko maji. Kisha hutoka maji ya rangi ya chai, na mwenye busara huyaacha hayo yapelekwe chooni. Ndipo yanakuja yenyewe.

Kitengo cha Ubora ni mama wa nyumba. Hachezi, kwa sababu anakumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia Kinondoni na kusambaa nchini. Maji ya kunywa huchujwa kwa kitambaa safi, kisha huchemshwa mpaka yatokote sawasawa, au hutiwa kidonge cha klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kuachwa nusu saa. Hukaa katika ndoo yenye mfuniko na koki, peke yake, wala hakuna kuchovya kopo, kwa kuwa mkono mmoja wa mtoto aliyetoka kucheza unatosha kuharibu kazi ya gesi ya siku nzima. Madumu yaliyowahi kubeba dawa za shambani au za viwandani hayaingii mlangoni. Maji ya kisima cha jirani, ambayo ukiyaonja unahisi bahari iko jikoni, ni ya kudeki na chooni.

Kaya inaripoti pia, kwa aibu kidogo, kwamba imejikuta na kitengo cha mifugo. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hapendi mitaro michafu kama wengi wanavyodhani. Anapenda maji yaliyotulia ndani ya jaba safi lisilo na mfuniko, hasa lililohifadhiwa kwa utii. Hutaga kwenye kuta za chombo, na katika joto la Dar es Salaam yai hugeuka mbu anayeuma kwa muda wa wiki moja hivi au zaidi kidogo. Jiji lilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Ushauri wa kuhifadhi maji ungeongezewa maneno machache tu: funika, na kila wiki mwaga ya chini na usugue kuta. Nafasi ilikuwepo kwenye karatasi. Ilijazwa na radhi.

Mkurugenzi wa Usambazaji ni bibi. Maji yaliyosuuza mchele huosha vyombo kwa mara ya kwanza, yaliyosuuza nguo hudeki, yaliyodeki humalizia chooni. Sare za shule hufuliwa kola na makwapa. Wakati huohuo, ripoti za EWURA, mdhibiti wa huduma za maji nchini, zimekuwa zikionyesha kwamba jiji linapoteza zaidi ya theluthi ya maji linayozalisha, kupitia mabomba yanayovuja, wizi na mita mbovu, wakati kiwango kinachovumilika ni asilimia 20. Bibi amesomewa takwimu hizo. Ameuliza tu kama anayehusika na upotevu huo bado anakula chakula cha jioni nyumbani kwake.

Endapo usajili utachelewa, kaya itaridhika na tangazo lililoandikwa upya. Cape Town, ukame ulipoikaba mwaka 2018, iliwaambia wakazi wake waziwazi: lita 50 kwa mtu kwa siku kuanzia Februari 1. Ikatangaza kina cha mabwawa kila wiki, na ikapanga vituo takriban 200 ambako, mabomba yakifungwa, kila mtu angepata lita 25. Watu walinung'unika, lakini walijua wananung'unikia nini. Tangazo la Dar es Salaam nalo litaje saa za maji kwa kila mtaa na kina cha Ruvu. Liseme lita ngapi zihifadhiwe kwa kila kichwa, boza la umma litasimama wapi kwa wasio na tangi, na kwa bei gani. Zahanati na shule zisiambiwe zihifadhi ya kutosha. Ziambiwe zitaletewa lini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Kaya.

Nakala: Mwenye mkokoteni, kwa utekelezaji. Mwenye nyumba, atafakari upya suala la jaba. Mto Ruvu, kwa taarifa.