Sifa za Bwana Kichomi

Katika mbio wamesifiwa wengi: viatu, mapafu, walimu wa riadha, hata ndizi inayogawiwa kwenye meza ya maji. Bwana Kichomi, anayejipenyeza chini ya mbavu na kuchoma kana kwamba ametumwa, hajapata kusemewa jema. Leo asifiwe, na asifiwe hapa Kilwa, ambako kazi yake naifahamu.

Mbio za nyika za kwanza huanza kwa uongo. Alfajiri ina ubaridi wa bahari, muziki unapigwa, tisheti ni mpya, na mgeni wa mbio ameshiba supu ya pweza kwa sababu jirani amemhakikishia kuwa pweza huongeza nguvu. (Nguvu zipi, jirani hakufafanua.) Filimbi ikilia anachomoka mbele ya kundi kama Filbert Bayi kule Christchurch mwaka 1974, alipoongoza tangu mwanzo na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Tofauti ni kwamba Bayi alikuwa uwanjani, na mita zake ziliisha. Huku kuna kilomita 10, mchanga unaomeza visigino, mizizi ya mikorosho, na kilima ambacho waandaaji hawakukitaja. Nani atamwambia ukweli? Mkewe alimwambia, hakusikia. Kichomi humwambia mara moja tu, na anasikia.

Asidhaniwe kuwa ni mtu wa jana. Pliny wa Roma aliandika karibu miaka 2,000 iliyopita kwamba bandama huwasumbua wakimbiaji, na kwamba wapo waliochomwa moto ili ipungue. Shakespeare naye alimpa kazi katika The Tempest, ambamo Prospero anamtishia mtumwa wake Caliban kwa vichomi vya usiku. Wataalamu wa leo, na mashine zao zote, bado wanabishana juu ya asili yake. Wengine wanasema ni kiwambo cha chini ya mapafu kukosa damu ya kutosha, wengine wanasema ni utando wa ndani ya tumbo unasuguliwa. Kwamba tumbo lililojaa humwita, na vinywaji vya sukari humwita zaidi, hilo halina ubishi mkubwa.

Lakini sifa yake kuu ni adabu. Mkimbiaji mwenye pumzi ni mtu wa hatari kijijini. Anapita barazani kwa watu, wazee wamekaa, na shikamoo haimtoki. Pwani hii mtu wa namna hiyo husemwa mpaka msimu wa korosho urudi. Kichomi hakubali aibu hiyo. Nyuma ya Kilwa Masoko, bibi anayeokota korosho anainua kichwa na kumwona kijana amejikunja njiani, mkono ubavuni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umeiba au umeibiwa?”

“Mbio tu, bibi.”

“Nani anakukimbiza?”

“Hakuna.”

“Basi kaa.”

Hoja hiyo sijapata kumwona mwalimu wa riadha aliyeijibu.

Tena Bwana huyu anajua kutembeza wageni. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuihesabu katika miji mizuri aliyoiona; alikuja kwa chombo, akakaa, akatazama. Angepita kwa kasi ya dakika tano kwa kilomita, angeandika habari za visigino vya aliyemtangulia. Kichomi humsimamisha mtu pasipo na kibao cha watalii. Mgeni anageuka pale juu ya ufuo wa Masoko atafute pumzi, na ng'ambo ya maji ndiyo Kilwa Kisiwani yenyewe, iliyomo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, ambayo yeye, mzaliwa wa wilaya hii, hajawahi kuvuka kwenda kuiona.

Najua nitatajiwa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bendeji. Namvulia kofia. Ila goti ni jeraha, na jeraha lina machela na makofi. Kichomi hana damu, hana uvimbe, hana cheti cha daktari, kwa hiyo mgonjwa wake hahurumiwi na mtu. Humnyima mgeni nafasi ya kujifanya shujaa, jambo ambalo ndugu na majirani wanapaswa kumshukuru kwalo, maana wao ndio ambao wangesimuliwa hadi Idi.

Na hang'ang'anii. Mgeni akipunguza mwendo, akatoa pumzi ndefu, akabonyeza ubavu, Bwana huondoka bila kudai nauli. Naona waandaaji wamemdhulumu. Kila aliyemaliza, hata aliyetembea tangu kilomita ya tatu, huvishwa medali, hupewa soda na kupigwa picha. Bwana Kichomi aliyekwenda njia ile ile, tena pekupeku, hapati hata namba ya kifuani. Mwakani aandikwe daftarini pamoja na washiriki wengine. Ada yake nitalipa mimi.