Mwacheni Fundi Afanye Kazi

Wanaomlaumu fundi hawajui utaalamu. Pikapu imepandikizwa injini ya gari jingine, nyaya zimeungwa kwa tepu nyeusi, nayo inamisi. Fundi kategesha sikio, kaagiza plagi mpya. Ikamisi. Koili zote nne. Ikamisi, ila safari hii kwa adabu. Kuhamisha koili ya silinda ya pili kwenye ya tatu, uone kama ugonjwa utahama nayo, ni kazi ya bure. Hata muuza spea haimfaidishi. Daktari anayepima damu kabla ya kupasua naye ni mwoga tu. Sasa tumefikia pampu ya mafuta. Waya wa ethi, ule uliofungwa juu ya rangi, hauguswi: aliufunga fundi mwenyewe.