Jinsi ya Kuwa Shirika la Habari kwa Simu Moja, Ukiwa Kizuka

Hongera. Una simu iliyopasuka kioo upande mmoja tu, una binamu aliyewahi kutengeneza tovuti ya harusi, na wiki iliyopita mtu alikuambia kwamba unajua kuongea. Vigezo vyote umetimiza. Kuanzia leo wewe ni mkurugenzi mkuu, mhariri, mpiga picha, mchambuzi wa kandanda na mkuu wa idara ya matangazo wa chombo cha habari chenye makao makuu hapa Kizuka, upande wa Rumonge nchini Burundi, pale penye mchikichi ambao mtandao hushika chini yake.

Soko lipo. Waandishi wa Bujumbura hawaji huku. Kutoka kwao hadi Rumonge ni kilomita 75 hivi kwa barabara ya RN3, lakini kwa shida ya petroli ya miaka hii, safari hiyo inahitaji nia kama ya Hija. Mjini Rumonge wana redio, Izere FM. Kizuka ina wewe.

Mwongozo huu ni matunda ya miaka mitatu ya kuendesha tovuti ya aina hiyo. Jina lake silitaji. Si unyenyekevu, nina madeni.

Hatua ya kwanza: tafuta jina

Jina liwe kubwa kuliko mwenyewe. Chukua "Tanganyika" au "Afrika", bandika "TV" hata kama huna kamera, malizia na "24" hata kama betri yako hudumu saa tano. Ila usiguse jina la mkoa. Rumonge ilipewa mkoa wake Machi 2015, kwa kumegwa kutoka Bururi na Bujumbura Vijijini, na rafiki yangu mmoja akachapisha fulana 50 zenye maneno "Sauti ya Mkoa". Miaka 10 baadaye mikoa 18 ya Burundi ikapunguzwa ikawa 5, komini 119 zikawa 42, na Rumonge ikajikuta komini ndani ya mkoa wa Burunga. Fulana zipo hadi leo, anazivaa akienda shamba.

Ziwa Tanganyika ndilo jina salama. Hakuna bunge lililowahi kulifuta. Lenyewe ndilo linalofuta: 2024 maji yalipopanda yaliingia majumbani ufukweni, na watu wa Rumonge wakaona vyumba walivyolala jana vikiogelewa na samaki.

Nilipomtangazia shangazi yangu, muuza ndagala, kwamba nimefungua chombo cha habari, aliacha kugeuza ndagala zake juani, akaniangalia kwa muda.

"Nani kakwambia ufungue?"

Shika swali hilo. Litakuja kukusumbua.

Hatua ya pili: tengeneza ukoo wa kitaaluma

Wenye vyeti watakuuliza umesomea wapi uandishi. Wajibu kwamba pwani hii ilishapitiwa na mwandishi wa habari kabla ya chuo chochote. Henry Morton Stanley alitumwa na gazeti la New York Herald, akamkuta Livingstone Ujiji Novemba 1871, kisha wote wawili wakapanda mtumbwi kwenda kaskazini wakifuata ukingo huu huu wa ziwa. Pale Mugere, ukikaribia Bujumbura, kuna jiwe lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Hiyo ndiyo picha ya wasifu ya kwanza kuwekwa katika nchi yetu, na haijabadilishwa mpaka leo.

Jifunze kwake mambo mawili. Kwanza, usione haya kuchelewa: wasomaji wake walisubiri habari ile mpaka mwaka uliofuata. Pili, kurasa za daftari zinazohusu siku ile ya kukutana alizichana, hivyo hakuna wa kuthibitisha aliyoandika baadaye. Sisi tunaita "futa kwa wote".

Fikiria sasa mvuvi wa Kizuka aliyekuwa akitega siku ile. Kaona Wazungu wawili wanapita, mmoja kakonda, mwingine anaandika. Alikuwa na habari ya dunia mikononi. Hakuwa na mega.

Hatua ya tatu: nakili, bandika, sambaza

Kutafuta habari kunakula muda na soli za viatu. Habari zipo tayari katika makundi ya WhatsApp, zimeshaandikwa, zina hadi alama za moto na machozi. Kazi yako ni kuongeza "HABARI MPYA SASA HIVI" kwa herufi kubwa.

Ndivyo nilivyofanya alfajiri moja ya upepo mkali. Kundi lilisema mtumbwi umezama, na mmiliki wa nyavu fulani, mtu tunayemjua wote, amefariki. Nikabandika. Kufikia saa tatu asubuhi watu 4,000 walikuwa wamesoma, idadi ambayo sijaipata tena. Nilikuwa nikihesabu wasomaji pale mlango ulipogongwa. Nikafungua. Marehemu.

Alikuwa na koti lake la mvua na mkewe nyuma yake. Nilidhani amekuja kunipiga. La, mzee hakuwa na hasira ya kufa.

"Mdogo wangu, kufa si kitu," alisema. "Tatizo ni kwamba kuna watu watatu niliowakopesha pesa za nyavu. Tangu asubuhi wanasema deni limekwenda na mwenyewe. Andika kwamba nipo hai. Herufi zile zile kubwa."

Niliandika. Walisoma watu 61, na kati ya wale wadaiwa watatu hakuna hata mmoja aliyekubali kwamba ameiona. Zingatia kanuni hii ya biashara yetu: kifo hupanda mtumbwi wa mashine, na masahihisho hupiga kasia.

Jioni shangazi alipita kwangu na beseni lake. Hakusema mengi. "Nani kakwambia alikufa?" Nikamjibu kwamba ni kundi. Akauliza: "Kundi ni mtoto wa nani?"

Hatua ya nne: andika ya mbali

Hapa ndipo wengi hujifunza ujasiri. Jambo likiwa mbali, kalamu inapata nguvu. Mimi nimemkosoa Rais wa Marekani mara 14 na hajanijibu hata mara moja. Nimewafukuza kazi makocha wa Ulaya. Nimewahi kutatua mgogoro wa Mashariki ya Kati katika aya tatu. Mtaro wa maji ulioziba hapo mbele ya soko sijaugusa, kwa sababu anayetakiwa kuuzibua tunasali naye safu moja.

Na pia kuna sheria. Hapa nipunguze utani kidogo. Vyombo vya habari Burundi, vya mtandaoni vikiwamo, viko chini ya Baraza la Taifa la Mawasiliano, CNC. Mwenye simu na mchikichi huwa anadhani hayo hayamhusu. Anasahau tulikotoka: Mei 2015, katika siku zile za jaribio la mapinduzi, redio za binafsi Bujumbura zilishambuliwa na nyingine zikachomwa. Waandishi waliobaki bila kipaza sauti wakaanza kurusha sauti na taarifa kwa mitandao ya kijamii, na hapo ndipo SOS Médias Burundi ilipozaliwa. Uandishi wa simu hapa kwetu haukuanza kama mchezo wa vijana wasio na kazi. Ulianza siku redio ziliponyamaza.

Na kundi la WhatsApp ambalo shangazi anauliza baba yake nani, mahakama inalijua. Sandra Muhoza, mwandishi wa gazeti la mtandaoni La Nova Burundi, alikamatwa mjini Ngozi Aprili 2024 kwa sababu ya ujumbe katika kundi la waandishi, na Desemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miezi 21. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "nimeandika kundini tu", mwambie hiyo "tu" aiondoe.

Ukitaka kukimbilia ng'ambo, hesabu kwanza. Tanzania walitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni 2018, na mwenye blogu akatakiwa kulipa ada ya maombi, ada ya kuanza na ada ya mwaka, jumla ikapita shilingi milioni 2. Mwanablogu wao Muhidin Issa Michuzi alipoanza blogu yake 2005, alihitaji picha na muda. Aliyekuja baada ya 2018 alihitaji kwanza kuuza ng'ombe.

Hatua ya tano: tajirika

Wataalamu watakuambia uweke matangazo ya Google. Weka. Wanalipa ukifikisha dola 100. Mimi nipo njiani, wajukuu watapokea.

Mapato ya kweli yanafuata mwezi. Simaanishi mwezi wa mshahara, nasema ule wa mbinguni. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa: samaki wanakuja kwenye mwanga, wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa haina kazi, ziwa zima ni taa. Mitumbwi inalala, katamarani za uvuvi ziitwazo Apollo zinalala, pesa inalala, na watu hawanunui mega. Nimechora grafu ya wasomaji wangu kwa miezi sita: inashuka siku ya 14 ya mwezi mwandamo, inapanda giza likirudi. Wenzangu wa mijini wanasoma mabadiliko ya algorithimu. Mimi natoka nje naangalia juu.

Kwa siku za mbalamwezi unahitaji mfadhili. Nilimpata, mwenye kinu cha kukamua mawese. Tangazo la mwezi mmoja, malipo madumu mawili ya mawese, moja kabla, moja baada. Niliandika kwamba mawese yake ni mekundu kama machweo ya Tanganyika, na kwa kweli ni mazuri. Wiki iliyofuata nilipita nyuma ya kinu nikaona maji meusi ya makapi yanateremka kwenye kijito ambacho akina mama wanafulia. Nikapiga picha. Mwanga ulikuwa mzuri, mistari imekaa sawa, hata povu linaonekana. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Ipo kwenye simu mpaka leo, katika folda niliyoiita "Mapishi".

Pia utaalikwa kwenye mikutano. Utapewa soda, mkate, na bahasha iitwayo nauli hata kama umetembea kwa miguu kutoka nyumba ya tatu. Habari itakayotoka huko ina aya mbili: waheshimiwa walikuwapo, na wananchi walifurahi. Usiwaulize wananchi. Utaharibu aya ya pili.

Hatua ya sita: ukishindwa yote, nenda ufukweni

Mwaka jana, giza la mwezi, mega zilikuwa zimeniishia. Sikuwa na kundi la kunakili wala makocha wa kufukuza. Nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikateremka ufukweni kwa miguu.

Ukiwa hapo usipige picha kwanza. Simama. Mitumbwi inaingia mmoja mmoja, taa zimezimwa lakini bado zina joto. Wanawake wamepanga mabeseni yao mchangani tangu usiku, kila beseni limeshika nafasi ya mwenyewe kama kiti. Bei haitangazwi. Mvuvi anataja kiasi kwa sauti ndogo, mnunuzi anacheka kwa dharau, anageuka, anarudi, na kiasi cha pili ndicho bei ya Kizuka nzima mpaka adhuhuri. Nilisikiliza mapatano matano. Nikahesabu mitumbwi iliyotoka na iliyorudi. Nikamuuliza kijana mmoja kuhusu upepo. Samaki aina ya mukeke walikuwa wachache, ndagala tele. Nikaomba mega za mkopo, nikaandika mistari minne: bei, idadi, upepo, na kwamba kipande cha njia ya kuteremkia kimeliwa na maji, anayebeba mzigo azunguke juu.

Haikuwa na herufi kubwa. Walisoma watu 212, lakini wa safari hii walikuwa na sababu. Mwenye pikipiki ya kupeleka ndagala Bujumbura alinipigia kuuliza kama kesho nitaandika tena, maana petroli yake haitoshi kuteremka bure. Marehemu wangu, yule wa nyavu, alituma neno moja: "Sahihi." Toka kwa mtu niliyemzika, hiyo ni tuzo.

Nikaenda kwa shangazi nikiwa nimejaa. Nikamsomea mistari yote minne. Akageuza ndagala zake, akauliza swali lake.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna, shangazi. Nimekwenda mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale penye mabeseni, saa kumi na moja."

Akaacha kugeuza. Miaka mitatu nilikuwa nikisubiri aishiwe na swali, na sasa ameishiwa. Akanisogezea kigoda nikae.

"Saa kumi na moja," akasema. "Basi ulichelewa, mwanangu. Bei ilishapangwa saa kumi."